Karatasi Iliyolala Korona: Mwanasheria wa Taasisi Anaripoti kwa Nani?

Mhadhara wa wazi uliotolewa Korogwe mjini

Habari ya leo kwa jina lake tu inachosha. Nani anaripoti kwa nani katika ofisi ya sheria? Mtu akisikia hivyo anadhani ataonyeshwa mchoro wa visanduku na mistari. Mimi nimekuja na karatasi moja.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwanasheria pekee wa kampuni moja ya kilimo cha mkonge. Jina lake nalihifadhi. Siku moja mpeleka wito wa mahakama alifika shambani na bahasha. Meneja wa shamba alikuwa safarini. Mtu wa kwanza aliyemkuta ni karani wa mizani pale korona, kwenye mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, kijana mwadilifu, mikono yake imelowa maji ya mkonge kwa sababu mashine ilikuwa imesimama na alikuwa anasaidia kuondoa majani yaliyokwama. Akajifuta, akasaini nakala ya mpeleka wito, akaichukua hati akaibana kwenye daftari la kupimia singa ili isipotee. Haikupotea. Ilikaa humo, imekunjwa mara mbili, na alama ya kidole gumba imebaki ya kijani pembeni mwa muhuri wa mahakama.

Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inampa mdaiwa siku 21 tangu apokee wito awasilishe utetezi wake wa maandishi. Mimi niliiona hati ile siku ya 34. Mahakama ilikuwa imekwisha kuamuru shauri lisikilizwe upande mmoja.

Mdai alikuwa mzee mmoja ambaye shamba lake lilipakana na la kampuni. Alisema jiwe la mpaka limehamishwa. Hiyo ilikuwa kesi ya kumalizwa na mpima ardhi kwa siku mbili, pengine na kikombe cha chai. Badala yake tulianza kwa kuomba amri ile iondolewe, tukaomba muda, tukala viapo, na mzee yule akawa anapanda basi kwenda mahakamani kusikiliza hoja za mawakili juu ya daftari la korona. Ushahidi kuhusu jiwe lake ulianza kusikilizwa baada ya miaka mitatu. Katika wote tuliohusika, aliyeumia zaidi ni yeye, na kosa halikuwa lake hata chembe.

Tulipokaa kikao cha ndani, kila mmoja aliyesimama alianza na neno lile lile: nilidhani. Karani alidhani meneja akirudi ataliona daftari. Meneja alidhani mambo ya mahakama yanapelekwa moja kwa moja makao makuu. Mkuu wa utawala, ambaye mimi nilikuwa chini yake, alidhani mwanasheria ana njia zake za kujua kesi. Nami nilidhani karatasi yoyote yenye muhuri wa mahakama itanifikia. Nikatoa barua yangu ya ajira tuisome. Ilisema nitaishauri kampuni katika mambo ya kisheria na kufanya kazi nyingine nitakazopangiwa na mkuu wangu wa kazi. Katika kampuni nzima hapakuwa na mstari mmoja ulioandikwa kusema nani ampe nani karatasi ya mahakama, na kwa muda gani.

Tangu siku ile naamini jambo moja, nalo ndilo lililonileta hapa: ofisi nyingi za sheria hazishindwi kwa kukosa elimu ya sheria. Zinashindwa kwa sababu njia ya kumfikia mwanasheria haijachorwa, na njia ya mwanasheria kumfikia mwenye uamuzi haijalindwa.

Nchi yetu imelijaribu swali hili kwa namna mbalimbali. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mashamba mengi ya mkonge ya ukanda huu yalitaifishwa, na mashirika ya umma yakaongezeka haraka kuliko wanasheria wa Kitanzania waliokuwapo. Mwaka 1970 Serikali ikaunda Shirika la Sheria Tanzania, chombo kimoja cha kuyahudumia mashirika hayo yote. Wazo lilikuwa la busara kwa wakati wake: wanasheria ni wachache, waweke pamoja, kila shirika litakwenda kuomba ushauri kama watu wanavyokwenda hospitali. Lakini mwanasheria wa namna hiyo anafika jambo likiwa limeshaiva. Hakuwa kwenye kikao mkataba ulipojadiliwa, anaitwa wakati wa kuusafisha. Baadaye mashirika yakaajiri wanasheria wao wenyewe, na mzani ukaelemea upande wa pili: kila mwanasheria akawa na bwana wake, na hakuna aliyejua taasisi jirani inajitetea kwa hoja gani mahakamani.

Februari 2018 ukaja mpangilio mwingine. Kwa amri za Rais, kazi zilizokuwa zimerundikana katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ziligawanywa: ushauri, mikataba na uandishi wa sheria zikabaki kwake, mashtaka ya jinai yakaenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, kesi za madai na usuluhishi zikapewa ofisi mpya ya Wakili Mkuu wa Serikali. Miaka miwili baadaye, Sheria Namba 1 ya mwaka 2020 ikazifikia halmashauri zetu. Anayetaka kuishtaki halmashauri anatoa kwanza notisi ya siku 90, na nakala inakwenda kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu. Siku hizo zikiisha, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika kesi, asipounganishwa shauri linaharibika. Na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Halmashauri nayo ina wajibu wa kumjulisha Mwanasheria Mkuu kila inapoona kesi inakuja.

Hebu tuitembeze sheria hiyo katika barabara tunazozijua. Hapa tuna halmashauri nne: Wilaya ya Handeni, Mji Handeni, Wilaya ya Korogwe na Mji Korogwe. Mahakama Kuu iliyo karibu iko Tanga. Kutoka Handeni kuja Korogwe ni kilomita 65 za lami, na kutoka hapa hadi Tanga ni kama 100 nyingine. Notisi ya mwananchi inaweza kupokelewa na mtendaji wa kata mwenye pikipiki moja isiyo na mafuta. Kutoka kwake iende masjala ya halmashauri, ipigwe muhuri, iwekwe kwenye jalada, ipande kwa Mkurugenzi, Mkurugenzi aandike juu yake "Mwanasheria, shughulikia", ishuke Kitengo cha Huduma za Sheria, mwanasheria aandike dokezo kuomba maelezo kwa Afisa Ardhi, Afisa Ardhi awe uwandani, na maelezo yakipatikana ndipo yatumwe kwa Wakili Mkuu. Mnaona siku 90 zinavyoyeyuka? Na zile siku 90 zimewekwa ili watu wakae wazungumze. Sheria imetoa miezi mitatu ya kupatana, sisi tunaimaliza kwenye trei za kuingizia barua.

Kila mkazi wa wilaya hizi anajua kesi zetu zinatoka wapi. Ardhi ndiyo mama yao. Mashamba makubwa ya mkonge kandokando ya reli na barabara kuu, vijiji vilivyokua hadi kugusa mipaka ya mashamba hayo, wafugaji na wakulima wa Handeni, Msomera iliyoanza kupokea kaya kutoka Ngorongoro mwaka 2022, bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda kwenda Chongoleani likikatiza mkoa wetu na kuleta hesabu za fidia, mabomba ya maji ya Mradi wa Miji 28 yanayohitaji njia. Kila moja ya hayo ni mkataba, au fidia, au mpaka. Na karibu kila moja linagusa taasisi zaidi ya moja, kila taasisi na mwanasheria wake, kila mwanasheria na mkuu wake.

Sasa niingie kwenye kiini, na hapa sitapita haraka.

Mwanasheria wa halmashauri ana wakubwa wawili. Kiutawala yuko chini ya Mkurugenzi: likizo yake, gari, mafuta ya kwenda Tanga, posho ya safari, tathmini ya kazi, vyote viko mkononi mwa Mkurugenzi. Kitaaluma yeye ni Wakili wa Serikali, na kiongozi wake ni Mwanasheria Mkuu. Kwenye kesi anafuata maelekezo ya Wakili Mkuu. Watu wengine wanauona mpangilio huu kama kasoro, wanataka uchaguliwe mstari mmoja. Mimi nasema mistari miwili ni afya, mradi kila mmoja ujulikane unabeba nini. Tunao mfano ndani ya jengo lile lile: mkaguzi wa ndani. Kiutawala anaripoti kwa Mkurugenzi, kikazi anaripoti kwa Kamati ya Ukaguzi. Hakuna anayeshangaa, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba huwezi kumkagua mtu ambaye ndiye pekee anayesoma ripoti yako. Mbona kwa mwanasheria tunasita?

Hatari inakuja pale mstari wa kitaaluma unapobaki kwenye waraka, na mstari wa mafuta ya gari ukabaki ndio halisi. Nimewaona wanasheria vijana, wazuri kabisa, wakiandika maoni mara mbili: ya kwanza yale wanayoamini, ya pili yale yanayopita. Mkuu wa idara anarudisha dokezo na kusema, "Mdogo wangu, hebu lilainishe kidogo." Linalainishwa. Miezi minane baadaye mkandarasi anadai, na jalada linaonyesha mwanasheria aliridhia. Naomba hapa tukubaliane, tena kwa maandishi: Mkurugenzi anaweza kuyakataa maoni ya mwanasheria, hiyo ni haki yake kama mtendaji mkuu, lakini asiyabadilishe. Aandike chini yake sababu za kuyakataa, na karatasi zote mbili zikae kwenye jalada moja. Mwanasheria hana kura ya turufu. Anachostahili ni maoni yake yamfikie mwenye uamuzi yakiwa mazima.

Dunia nayo imejifunza hivyo kwa gharama kubwa. Kampuni ya nishati ya Enron huko Houston ilipoanguka Desemba 2001, swali mojawapo lilikuwa wanasheria wake walikuwa wapi. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria iliyobeba sharti hili: mwanasheria wa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa akiona ushahidi wa uvunjaji mkubwa wa sheria, amwambie mkuu wa sheria au mtendaji mkuu, asipopata jibu la maana, apande hadi kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi au bodi yenyewe. Kupanda ngazi kukawa wajibu. Ulaya nako, Septemba 2010, mahakama ya Luxembourg katika kesi ya Akzo Nobel ilikataa kuzilinda kama siri ya wakili barua baina ya mkubwa wa kampuni na mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni hiyo, katika uchunguzi wa masuala ya ushindani. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba anayelipwa mshahara na mteja mmoja hana uhuru ule ule alio nao wakili wa nje. Wapo wanaoipinga hukumu hiyo, nami ni mmoja wao, maana inamdharau mtu kabla hajafanya kosa. Lakini woga ulioizaa naujua, kwa sababu nimewahi kulainisha dokezo.

Mgawanyo wa wajibu nao uandikwe kwa vipimo, usiachwe kwenye uelewa wa watu. Kanuni za manunuzi zilivyorekebishwa mwaka 2016 zilifanya hivyo kwa mikataba: ya kuanzia shilingi bilioni 1 ipitiwe na Mwanasheria Mkuu, ya chini ya hapo ipitiwe na mwanasheria wa taasisi yenyewe. Mnaweza kubishana juu ya kiwango, ila hakuna atakayesema alidhani. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za wilaya zetu ziko chini kabisa ya viwango hivyo. Madarasa yanayojengwa kwa fosi akaunti, fundi anasaini na kamati ya shule. Pango la banda la soko. Makubaliano ya kijiji na mwekezaji wa kokoto. Hapo ndipo mwanasheria hajulikani kama anahusika, na hapo ndipo migogoro midogo ya kila mwaka inapozaliwa.

Kwa makampuni binafsi na mashamba, ushauri wangu ni mfupi zaidi. Mkuu wa sheria akae chini ya mtendaji mkuu moja kwa moja, na awe na njia iliyo wazi ya kwenda kwenye bodi. Asiwekwe chini ya uhasibu, wala rasilimali watu, wala manunuzi, wala ardhi, kwa sababu karatasi anazopaswa kuzikagua zinatoka huko huko. Mimi nilikuwa chini ya utawala, na kila nilipotaka kuuliza juu ya mikataba ya vibarua nilikuwa namuuliza mtu anayesaini fomu yangu ya likizo.

Wengi hapa wanamfanya mwanasheria kuwa pia katibu wa kampuni. Kwa kampuni ndogo ni sawa, tena kuna faida: anakuwamo chumbani maamuzi yanapofanywa, wala haletewi muhtasari siku ya tatu. Ila ipo siku bodi na meneja mkuu watagombana, na siku hiyo kila upande utamwita mwanasheria "wa kwetu". Barua yake ya ajira iseme mapema kwamba mteja wake ni kampuni, si meneja na si mwenyekiti.

Na kitengo kikiwa na watu watatu, kazi igawanywe vipi? Nimeona ofisi zinazogawa kwa hatua: huyu anapokea, yule anaandika utetezi, wa tatu anakwenda mahakamani. Inapendeza kwenye mchoro. Mahakamani inaaibisha, maana anayesimama mbele ya Jaji hakuwahi kumwona shahidi. Kwa kesi za ardhi hasa, mpe mtu mmoja shauri tangu notisi hadi hukumu, aende shambani, akanyage mpaka, amjue mzee anayedai. Mwenzake awe msaidizi wa jalada hilo, jina lake liandikwe juu ya ganda, ili wa kwanza akiugua kesi isilale.

Nigusie vyama vyetu vya ushirika. Wakulima wadogo wa mkonge wa Korogwe wamejiunga katika AMCOS, wanaingia mikataba ya kusindika na kuuza, wanakopa, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Ni chama gani kinachoweza kumlipa mwanasheria wa kudumu? Vichache mno. Wanamtegemea wakili wa kujitegemea wa mjini, na hilo si kosa. Lakini wakili wa nje hawezi kuijibu karatasi asiyoiona. Chama kisicho na mwanasheria kinahitaji zaidi kuliko wengine mtu mmoja wa ndani, katibu au mjumbe wa bodi, mwenye jina, atakayekuwa mlango wa kila karatasi ya kisheria. Akisafiri, awepo kaimu, na barua ya ukaimu iseme anaruhusiwa kusaini nini. Neno "kaimu" peke yake limeshatuingiza hasara nyingi: mtu anakalia kiti, anaogopa kalamu.

Nimeombwa niseme nini kifanyike. Andikeni ukurasa mmoja, msizidishe. Useme karatasi yenye muhuri wa mahakama, baraza la ardhi au wakili ikifika mlango wowote, iwe kijijini, korona, getini au mapokezi, aliyeipokea aandike tarehe na saa, aipige picha na kuituma kwa mwanasheria siku hiyo hiyo kwa simu, na karatasi yenyewe ifuate kesho yake. Useme mwanasheria amjulishe mtendaji mkuu ndani ya siku mbili, na kwa halmashauri amjulishe Wakili Mkuu bila kusubiri maelezo ya idara yakamilike. Useme ni madai ya kiasi gani anaweza kuyapatanisha mwenyewe, kiasi gani kinahitaji mtendaji mkuu, na kipi kiende bodi au baraza la madiwani. Useme mwanasheria akipuuzwa kwenye jambo zito, anamwandikia nani anayefuata, na kwamba kumwandikia si utovu wa nidhamu. Ukurasa huo usomwe kwa sauti kwa makarani, walinzi na watendaji wa vijiji, maana wao ndio kitengo cha sheria cha kwanza.

Mzee yule wa mpaka alishinda. Mpima alipofika, ilimchukua asubuhi moja kulikuta jiwe la zamani hatua chache ndani ya mkonge wetu, na kampuni ikarudisha kipande chake. Ningeiona karatasi ile mapema, ningemshauri mkuu wangu tukubali ndani ya wiki.

Ndugu wakurugenzi na mameneja, kesho mkifika kazini, kabla ya kikao cha kwanza, shukeni wenyewe hadi masjala, au getini, au kwenye mizani. Mwulizeni mtu mtakayemkuta pale: ikija karatasi ya mahakama sasa hivi, utampa nani? Akisita, ule ukurasa uandikwe kesho hiyo hiyo.